Mtu anakaaje chuo kikuu miaka 4 bila kujua kusoma? Kisa cha Dexter Manley

#1 Kidatu84
Wakuu, kwema?

Jana usingizi uligoma nikajikuta nasoma habari za bwana mmoja anaitwa Dexter Manley. Alikuwa anacheza ule mpira wa Wamarekani wa kuvaa kofia ngumu, timu ya Washington, miaka ya 80. Alisimama mstari wa mbele wa ulinzi, pembeni. Mpira ukianza tu, yeye anatoka kama mshale kumfuata kota-beki, yule mrusha mipira, amwangushe kabla hajaurusha. Wenyewe wanaita saki. Msimu wa 1986 peke yake alipiga saki 18 na nusu. Super Bowl, yaani fainali ya ligi, kachukua mara 2. Mashabiki walimwita Waziri wa Ulinzi, na kichwani kuna kipindi alinyoa kiduku.

Sasa Mei 1989 Waziri huyohuyo kaenda mbele ya kamati ndogo ya Seneti, kakaa kwenye kiti, kaanza kulia. Kawaambia amepita shule ya msingi, sekondari, miaka 4 Oklahoma State, kaingia ligi ya kulipwa, na safari yote hiyo alikuwa hajui kusoma.

Miezi 6 baadaye akafungiwa maisha kwa ajili ya kokeni. Mwisho jela.

Mnitoe ushamba: inawezekanaje? Mitihani alikuwa anamfanyia nani?

#2 Kichuguu
Naweka kiti na kahawa. Endeleeni.

#3 Beki Mbili
Mleta uzi unaishangaa Marekani? Mimi nimesoma sekondari moja mkoani, jina naliacha. UMISSETA ikikaribia tunaletewa mamluki. Kulikuwa na jamaa mmoja kidato cha 2, ana ndevu, mtoto wake wa kwanza anaanza la kwanza. Darasani alionekana siku ya kupigwa picha. Ila ukimpita pale nyuma, ujue umepita ukiwa na mguu mmoja.

Mitihani tulimwandikia sisi kwa zamu. Mimi nilimwandikia Jiografia. Akapata alama kubwa kuliko zangu.

#4 Kichuguu
Beki Mbili 😂😂 yaani ulijifeli mwenyewe.

#5 Msukuma wa Maryland
Habari zenu. Niko huku karibu na Washington mwaka wa 22, ngoja nirekebishe mawili.

La kwanza, kucheza miaka 4 chuoni si kuhitimu. Mchezaji alitakiwa awe na alama za kumbakiza uwanjani, basi. Vyuo vina masomo ya kila aina, kuna wasaidizi wa kuandika kazi za nyumbani, kuna wahadhiri ambao Jumamosi wako jukwaani na kofia ya timu. Manley anaingia Oklahoma State mwishoni mwa miaka ya 70 hakukuwa na kigezo cha maana cha kumzuia. Ile kanuni ya 48 ya NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, ya kudai wastani wa 2.0 sekondari na alama 700 za SAT, mtihani wa kuingilia chuo, ilipitishwa 1983 na ikaanza kufanya kazi 1986. Wakati huo yeye alikuwa ameshavaa pete ya ubingwa.

La pili, "kufungiwa maisha" kwa NFL (ile ligi ya kulipwa) ya 1989 maana yake ukikaa mwaka unaruhusiwa kuomba kurudi. Aliomba, Novemba 1990 akarudishwa. Washington wakamwachia, akachukuliwa na Phoenix, mwaka uliofuata akawa Tampa Bay. Desemba 1991 kipimo kikamkamata tena, akatangaza kustaafu kabla hawajamfungia. Halafu akaenda Ottawa kucheza ligi ya Kanada.

#6 Kidatu84
Asante mkuu. Kwa hiyo mitihani aliandikiwa na kina Beki Mbili wa Oklahoma.

#7 Beki Mbili
Jiografia tu. Hisabati msinisingizie.

#8 Mwalimu Chaki
Mnacheka lakini mimi nafundisha darasa la 1 na la 2, huu mwaka wa 19. Mtoto asiyejua kusoma ana akili ya kujificha ambayo sisi walimu hatuna ya kumtafuta. Mkisoma kwa pamoja, mdomo wake unacheza. Ukimwita peke yake, anakariri alichosikia mwenzake akisoma. Ukimsogelea na kitabu anaomba ruhusa ya chooni. Akiwa na mwili mkubwa ndiyo kabisa, ataanzisha fujo makusudi umtoe nje, kwa sababu kutolewa kwa utundu kuna heshima mbele ya wenzake, kutolewa kwa kushindwa "ba be bi bo bu" hakuna.

Huyo Manley alirudia darasa la 2, akapelekwa darasa la wenye mahitaji maalumu. Alipokuja kupimwa ukubwani, akiwa nyota wa taifa, alionekana anasoma kwa kiwango cha darasa la 2. Palepale alipoachwa. Hiyo ni disleksia, shida ya kuzaliwa nayo ya kusoma, isiyoshughulikiwa, na wala si kisa kigeni. Mnaikumbuka ile kelele ya 2012 hapa kwetu, ya watoto waliofaulu kwenda kidato cha kwanza na hawajui kusoma? Nao walifika vipi?

#9 Msukuma wa Maryland
Mwalimu, umenikumbusha. Manley alikuwa anaingia chumba cha kubadilishia nguo na Wall Street Journal kwapani. Analifungua, anakunja ukurasa, anatikisa kichwa. Wenzake wanajua mwenzao anafuatilia hisa. Wazee wa hapa bado wanalisimulia hilo.

#10 Bi Mkora
Wall Street Journal! Angalau angechagua gazeti lenye picha.

#11 Yakhe Kibokoni
Salaam kutoka Mombasa. Mie nawasikiza mwalamba maneno tu hapa. Shule, shule, shule. Hebu semeni lile neno lenyewe: unga. Mtu alipewa fedha, alipewa jina, alipewa nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. 1987 alikwenda kutibiwa ulevi. 1988 akasimamishwa siku 30. 1989 akafungiwa. 1991 tena. 1995 Texas wakamhukumu miaka 4 kwa kokeni, akatoka kabla hajaimaliza, na bado akarudia. Wangapi hawajui kusoma na hawajagusa unga? Babangu hakujua kusoma, alivua samaki miaka 40, hakuvuta hata sigara.

#12 Mwalimu Chaki
Yakhe, babako hakuwekwa mbele ya watu 55,000 kila Jumapili akijifanya anasoma.

#13 Yakhe Kibokoni
Na hao wenziwe waliokuwa wakijua kusoma na wakavuta pia? Wao walijificha nini?

#14 Msukuma wa Maryland
Yakhe hapo ana hoja. Juni 1986 Len Bias, kijana wa hapahapa Maryland, kachaguliwa namba 2 na Boston Celtics kwenye mpira wa kikapu, siku ile timu zinapogawana wachezaji wapya. Siku 2 baadaye amekufa, kokeni. Siku 8 baada ya hapo, Don Rogers, beki wa Cleveland Browns, akafa vilevile, ilikuwa mkesha wa harusi yake. Wote wawili wamepitia vyuo vikubwa. Miaka hiyo kokeni ilikuwa sebuleni kwa kila mwenye hela. Ukiwa na miaka 27, una mshahara wa kwanza mkubwa wa ukoo mzima, na jiji zima linataka kukununulia kinywaji, kusoma hakukuokoi.

#15 Kongwa Mweusi
Na hapo ndipo ile sheria ya 1986 ilipokuja, gramu 5 za kraki, kokeni ya vipande ya kuvuta, zinakupa miaka 5 sawa na gramu 500 za kokeni ya unga. Weusi wakajazwa jela. Manley alifungwa kwa sheria hiyo, ni mfumo.

#16 Msukuma wa Maryland
Sheria uliyoitaja ni ya serikali kuu. Yeye alihukumiwa na mahakama ya jimbo la Texas. Mfumo ni kweli upo, lakini si karatasi hiyo.

#17 Kongwa Mweusi
Nimepokea.

#18 Kichuguu
Mtu kakubali kosa humu jukwaani! Wekeni alama kwenye kalenda.

#19 Saa Kumi
Nje ya mada kidogo: jamaa ana saki 97.5 au 103.5? Naona kila mtu anaandika yake.

#20 Msukuma wa Maryland
Zote mbili. NFL ilianza kuhesabu saki rasmi 1982. Yeye aliingia 1981, raundi ya 5, mtu wa 119 kuchaguliwa, na mwaka huo wa kwanza alipiga 6 ambazo hazimo kwenye vitabu rasmi. Rasmi ni 97.5, na kati ya hizo 91 ni za Washington. Rekodi hiyo ya klabu ilikaa hadi 2020 alipoipita Ryan Kerrigan. Sisi wa zamani tunahesabu na zile 6, kwa hiyo Kerrigan bado hajampita mtu.

Na kumbuka 1982 kulikuwa na mgomo wa wachezaji, msimu ukawa wa mechi 9 tu. Wenye takwimu za miaka hiyo wamepunjwa.

#21 Saa Kumi
Basi kama magoli ya Pelé. Yale ya mazoezini yamo?

#22 Bi Mkora
Mtani, mmemaliza kuhesabu yenu ya ligi ya hapa mmehamia ya Marekani.

#23 Tabibu Mstaafu
Nimesoma juu hadi chini, hakuna aliyegusa kichwa chenyewe. Mwaka 1986 Manley alianguka dukani kule Georgetown, mtaa wa Washington. Alipopigwa picha akaonekana ana kifuko kidogo chenye ute, si saratani, kimekaa kwenye chumba cha tatu cha ubongo. Hapo ndipo yanapopita maji ya ubongo. Kifuko hicho kikiziba njia, shinikizo hupanda ghafla: kichwa kinauma, mtu anazimia, kumbukumbu inayumba. Wapo wanaokufa nacho bila kujulikana. Huyu aliendelea kucheza akiwa nacho, anagongana kichwa kwa kichwa na wanaume wa kilo 130. Kilikuja kutolewa 2006 kwa upasuaji mrefu, Georgetown hukohuko.

Mwenyewe amesema tangu mwaka huo hajarudia dawa. Mimi sisemi kifuko kilimfanya avute. Nasema mtu ambaye ubongo wake umebanwa miaka 20 usimpime kwa rula ya Yakhe.

#24 Zuberi wa Tanga
Daktari hapo umemaliza kazi. Hiyo ni ile CTE, ugonjwa wa ubongo wa kugongwagongwa. Wachezaji wote wa mstari wa mbele wanao.

#25 Tabibu Mstaafu
Hapana, mwanangu. Hivyo ni vitu viwili. Kifuko huonekana kwenye picha. CTE hadi leo inathibitishwa kwa kuchunguza ubongo wa mtu aliyekwisha kufariki. Yule daktari Mnigeria, Bennet Omalu, aliigundua kwa mchezaji wa kwanza wa NFL, Mike Webster, mwaka 2002, akiwa mochwari ya Pittsburgh, Webster ameshalala. Mtu hai huwezi kumbandika, na "wote wanao" hakuna daktari anayeweza kuisema.

#26 Zuberi wa Tanga
Shikamoo daktari. Nimeelewa.

#27 Tabibu Mstaafu
Marahaba.

#28 Nyang'au wa Ngong
Wasee, Wakenya pia tumetoa mtu huko. Daniel Adongo, alitoka raga moja kwa moja, akaingia Indianapolis Colts 2013. Hakuwa amewahi kucheza huo mpira hata shuleni. Sijui ni nani alimfundisha kile kitabu cha mbinu, maana nasikia ni kizito kama kamusi.

#29 Kidatu84
Subiri kwanza. Kitabu cha mbinu! Manley alikisomaje?

#30 Msukuma wa Maryland
Swali zuri kuliko la kwanza. Nafasi yake ilimsaidia. Mtu wa pembeni kwenye mstari wa ulinzi hana maandishi mengi kama kota-beki. Unaoneshwa kwenye mkanda, unaoneshwa kwenye ubao kwa alama za duara na msalaba, unarudia mazoezini mpaka miguu inakumbuka yenyewe. Jicho lake lilikuwa linasoma kitu kingine: bega la mtu aliye mbele yake, uzito uko kidole gani, nani anapumua vibaya.

Tazameni ile nusu fainali ya Januari 1983 dhidi ya Dallas. Kwanza anamgonga kota-beki wao Danny White hadi anatoka uwanjani. Dakika za mwisho, Dallas wanajaribu kurudi mchezoni, yeye anaruka na kuugusa mpira uliorushwa na Gary Hogeboom aliyeingia badala yake, unapaa juu, mwenzake Darryl Grant anaudaka na kutembea nao hadi mwisho. 31 kwa 17. Uwanja wa RFK ulitikisika, na ule ulikuwa na jukwaa lililokuwa linadunda kweli watu wakiruka. Wiki iliyofuata wakawapiga Miami 27 kwa 17, Super Bowl ya kwanza.

#31 Mama Nasri (Houston)
Mimi naishi Houston, si mbali na Third Ward alikokulia. Shule yake ya sekondari ni Jack Yates, hiyohiyo aliyosoma George Floyd miaka mingi baadaye, naye alichezea timu ya shule. Wavulana wa pale wanaambiwa mpira utawatoa. Mwanangu ana mwili, akiwa na miaka 13 kocha mmoja wa mtaani alinifuata dukani, hakuniuliza jina la mtoto, kaniuliza anavaa viatu namba ngapi.

Namba 47.

Nikamuuliza na yeye: wewe unajua anasoma kitabu gani? Hakurudi tena.

#32 Bi Mkora
Namba 47 miaka 13! Dada, hiyo si miguu, ni mitumbwi.

#33 Mama Nasri (Houston)
😂 Nanunua viatu kama nalipa kodi ya nyumba.

#34 Kongwa Mweusi
Kuna mwingine wa aina hii, Kevin Ross, mpira wa kikapu, Chuo Kikuu cha Creighton kule Nebraska. Alitoka pale 1982 kusoma kwake kukiwa kiwango cha shule ya msingi. Akaenda Chicago kwenye shule ya Marva Collins, Westside Prep, akakaa darasani na watoto. Baadaye akakishtaki chuo. Walimalizana 1992 kwa dola 30,000.

Kwa hiyo Msukuma, haikuwa Oklahoma peke yake. Ilikuwa biashara. Siku hizi, tangu Julai 2021, angalau vijana wanaruhusiwa kupata hela kwa majina yao. Zamani walilipwa "elimu", na elimu yenyewe ndiyo hiyo.

#35 Yakhe Kibokoni
Malipo ya hewa.

#36 Mwalimu Chaki
Na hakuna aliyeuliza alijifunzaje. Novemba 18, 1985, mechi ya Jumatatu usiku, Lawrence Taylor wa New York Giants alimwangukia Joe Theismann, kota-beki wa Washington, mguu ukavunjika vibaya mbele ya televisheni. Theismann hakucheza tena. Manley amesimulia kwamba alipoona ule mguu alijiuliza: wangu ukivunjika hivi, nitafanya kazi gani mimi? Ndipo akaomba msaada. Akaanza kwenda Lab School ya Washington, shule ya wenye shida za kujifunza iliyoanzishwa na Sally Smith. Mtu wa Super Bowl anashika penseli na kuanza sauti za herufi.

Tena Kiingereza! Kiswahili ukishajua silabi umeshafika, kinaandikwa kinavyotamkwa. Kwa watoto wetu disleksia hujionesha kwa kusoma polepole mno, silabi moja moja kama mtu anavuka mto kwa mawe. Kiingereza kina mitego: herufi zimekaa pale hazitamkwi, zinakuangalia tu.

#37 Saa Kumi
Mwalimu, "knife". Hadi leo nina kesi na ile K.

#38 Mwanza Kimya
Huwa sichangii humu, leo nachangia. Uzi huu sijausoma, nimesomewa na simu, na hapa naongea simu inaandika, kwa hiyo makosa mnisamehe. Nina miaka 38, nina gereji, nina vijana 6. Risiti anaandika mke wangu. Wateja wanajua macho yangu mabovu. Nilinunua miwani ya elfu 5 sokoni kwa ajili ya hilo.

Kuhusu unga sijui, sijawahi. Lakini ile ya gazeti naijua. Unachoka, jamani. Siku ikiisha, mwili umechoka kwa kazi na kichwa kimechoka kwa kujificha.

#39 Mwalimu Chaki
Mwanza Kimya, nimekuandikia pembeni. Nimekutumia kwa sauti.

#40 Yakhe Kibokoni
Ndugu yangu wa Mwanza, nimekusikia. Lakini tazama, wewe umechoka hivyo na hukuvuta. Mie bado niko palepale. Nina binamu kwenye methadoni, dawa ya kuachia unga, mwaka wa 3, amesoma hadi diploma. Tulimtafutia sababu miaka 10: wenziwe, mapenzi, jini, kazi. Yeye mwenyewe asema alionja akapenda.

#41 Tabibu Mstaafu
"Alionja akapenda" nayo ina sababu zake, Yakhe. Wanaoonja ni wengi, wanaonasa si wote.

#42 Yakhe Kibokoni
Ndiyo, daktari. Na sababu yenyewe muiite nani? Mmoja asema shule, mmoja asema kifuko, mmoja asema hela, mmoja asema Texas.

#43 Msukuma wa Maryland
Mimi nasema Ottawa. Ukitoka Super Bowl ukaenda kucheza kwenye baridi ile, lazima utafute kitu.

#44 Nyang'au wa Ngong
🤣 Buda, watu wa Kanada wako humu.

#45 Kidatu84
Wakuu nimeshukuru, nimejifunza mengi ila swali langu halijajibiwa bado. Oklahoma State. Mtihani wa mwisho wa muhula. Karatasi ipo mezani, jina linatakiwa juu kulia. Nani aliandika?

#46 Beki Mbili
Kwani somo gani?